Mkato mmoja waweza kugeuza oda ya hisa 1,250 kuwa hisa moja

WAFANYABIASHARA na wawekezaji wadogo wanaokabidhi hesabu zao kwa kompyuta wanapaswa kujua jambo moja. Mkato unaotenganisha maelfu, ambao jicho la binadamu limeuzoea, unaweza kuigeuza oda ya hisa 1,250 kuwa oda ya hisa moja, tena bila kompyuta kutoa onyo lolote.

Chanzo kimo katika lugha ya C, ambayo programu nyingi za hesabu na za kutunza kumbukumbu zimeandikwa kwayo. Lugha hiyo ilipata viwango rasmi nchini Marekani mwaka 1989. Miongoni mwa amri zake za kusoma namba ni atoi na strtol. Zote mbili husoma tarakimu moja baada ya nyingine na kusimama zinapokutana na alama isiyo tarakimu. Kwa kawaida, mkato kwao ni alama ya kusimama.

Chukua mfano wa mwekezaji anayenunua hisa 1,250 kwa sh. 400 kila moja. Anatakiwa kulipa sh. 500,000. Karani akiandika 1,250 na programu ikatumia atoi, kitakachosomwa ni 1, na hati itatoka ya sh. 400. Amri hiyo haina njia ya kueleza kwamba kuna tarakimu zilizoachwa nyuma.

Amri ya strtol ni afadhali kwa sababu huonyesha pia mahali ilipokomea kusoma. Mtengeneza programu akiangalia hapo ataona kuwa mkato na tarakimu 250 zimebaki, na ataikataa namba hiyo. Asipoangalia, hasara ni ile ile.

Kufuta mikato si dawa

Wapo wanaodhani kwamba tiba ni kufuta mikato yote kabla ya kusoma. Njia hiyo ina hatari yake. Katika Kongo, ambako hesabu hufuata mtindo wa Kifaransa, mkato hutenganisha desimali. Ankara ya dola 12,50 kutoka Lubumbashi ni dola kumi na mbili na senti hamsini. Mkato ukifutwa, inakuwa dola 1250, yaani mara mia ya deni halisi.

Njia salama ni kukagua makundi ya tarakimu kwanza, kisha kufuta mikato. Kanuni zenyewe ni chache. Kundi la kwanza liwe na tarakimu moja hadi tatu. Kila kundi linalofuata mkato liwe na tarakimu tatu kamili, si pungufu wala zaidi. Baada ya nukta ya desimali pasiwe na mkato. Namba isianze wala kuishia kwa mkato.

Kwa kanuni hizo, 1,250,000 inapita. Lakini 12,50 inakataliwa, na vivyo hivyo 1,,250 na 1250,000. Kukataa ni bora kuliko kubahatisha, kwa kuwa karani ataulizwa upya na kosa litaishia mezani kwake.

Si kila nchi inahesabu kwa makundi ya tatu. Muuzaji wa India huandika 12,50,000 kwa maana ya milioni moja na robo. Ndiyo maana C ina amri ya localeconv, inayoeleza alama na ukubwa wa makundi ya nchi iliyochaguliwa. Programu isipochagua nchi yoyote, nukta ndiyo alama ya desimali na hakuna alama ya maelfu.

Ipo pia mipaka ya ukubwa. Katika baadhi ya kompyuta, namba ya aina ya long huishia 2,147,483,647. Deni la sh. bilioni 3 halitoshi humo. Amri ya strtol hurudisha kima hicho cha juu na kuacha alama ya kosa, ambayo nayo lazima iangaliwe.

Ukaguzi wa makundi hauwezi kutatua kila utata. Namba 1,250 ni sahihi kwa mtindo wa Dar es Salaam, na ni sahihi pia kwa mtindo wa Lubumbashi, ila huko ni moja na robo. Hapo hakuna programu inayoweza kuamua yenyewe. Ni lazima mtindo wa kila mteja ujulikane kabla hati zake hazijaingizwa.

Mfanyabiashara anayetaka kununua programu ya hesabu anaweza kuipima kwa dakika chache kabla ya kulipa. Aingize 1,250, kisha 12,50, kisha 1,,250, na mwisho 3,000,000,000. Kila namba ama isomwe kwa usahihi au ikataliwe waziwazi. Programu itakayokubali kimya kimya na kutoa jibu jingine haifai kukabidhiwa fedha za mtu.