Riba hutangazwa Dar es Salaam, hulipwa Bariadi

Kila baada ya miezi mitatu Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Tanzania hukutana, na baada ya kikao Gavana huwatangazia wananchi kiwango cha riba kitakachotumika kwa robo mwaka inayofuata. Sisi wa redio huisoma tarakimu hiyo katika taarifa ya habari, mara nyingi baada ya ziara ya waziri na kabla ya matokeo ya mpira. Mkulima wa pamba aliyeko Itilima au Meatu huisikia, akasema hayo ni mambo ya wenye mabenki, kisha akaendelea na palizi yake.

Ndugu msikilizaji, nawe unayenisoma gazetini, juma hili nataka kueleza kwa nini tarakimu ile inamhusu mkulima huyo, na kwa nini inamhusu pia mama lishe wa stendi ya Bariadi na kibarua wa kiwanda cha kuchambua pamba. Hapana budi tuanze na swali lenyewe: je, sera ya fedha ni kitu gani?

Sera ya fedha ni namna Benki Kuu inavyosimamia wingi wa fedha zilizo katika mzunguko, pamoja na bei ya fedha hizo. Ndiyo, fedha nayo ina bei. Ukikopa shilingi leo ili uilipe mwakani, bei yake ni riba. Benki Kuu haitukopeshi mimi wala wewe, kwani yenyewe ni benki ya mabenki. Ikipandisha riba, mabenki ya biashara hupata fedha kwa gharama kubwa zaidi, nayo huwabana wateja wao. Ikishusha, inatarajiwa kwamba mikopo itapatikana kwa urahisi. Njia nyingine ni kuyataka mabenki yaweke Benki Kuu sehemu kubwa zaidi ya amana za wateja, au kuyauzia dhamana za Serikali ili kupunguza fedha zilizozidi mitaani. Hadi mwisho wa mwaka 2023 Benki Kuu yetu ilikuwa ikiangalia zaidi wingi wa fedha. Tangu Januari 2024 inaongozwa na riba. Ilianza na asilimia 5.5, Aprili 2024 ikapanda kuwa asilimia 6, na Julai 2025 ikashuka hadi asilimia 5.75.

Sasa twende Simiyu. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na ndio unaosifika kuongoza nchini kwa pamba. Mkulima hulihudumia zao hilo tangu mvua za Novemba na Desemba, lakini huliuza katika miezi michache tu kuanzia Mei. Maana yake ni kwamba katika kipindi hicho kifupi mnunuzi lazima awe na mabilioni ya shilingi mkononi kabla hajauza ng'ambo hata robota moja. Fedha hizo kwa kawaida hazitoki mfukoni mwake. Hukopa benki.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mnunuzi anakopa Sh bilioni 1 kwa miezi sita. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, atalipa riba ya Sh milioni 60. Kwa asilimia 18 atalipa Sh milioni 90. Tofauti ni Sh milioni 30. Kama kilo ya pamba ni Sh 1,200, bilioni ile inanunua kilo zipatazo 833,000. Zigawanye zile milioni 30 kwa kilo hizo, utapata Sh 36 kwa kila kilo. Je, nani atazilipa? Kiwanda cha nguo cha Asia hakizilipi, kwa sababu bei ya pamba nyuzi hupangwa na soko la dunia. Mnunuzi atazikata kwenye bei anayompa mkulima, ama atanunua pamba kidogo zaidi. Mwenye kilo 1,000 amepoteza Sh 36,000 kabla hajafika kwenye mizani, na wala hakuna aliyemweleza zimekwenda wapi.

Pamba ikinunuliwa kidogo, hasara haiishii shambani. Mashine za kuchambulia hufanya kazi majuma machache, vibarua hurudi makwao mapema, malori husimama, na mama lishe hubaki akiutazama wali wake. Hivyo ndivyo ukosefu wa kazi unavyokuja katika mkoa kama wetu. Hauonekani kwa foleni mbele ya ofisi ya ajira. Huonekana kwa kijana aliyezoea kupata kibarua cha miezi minne, ambaye mwaka huu amepata cha mwezi mmoja.

Mtu atauliza: kama ni hivyo, kwa nini Benki Kuu isishushe riba mpaka chini kabisa, kila mnunuzi akapata fedha na kila mkulima akalipwa vizuri? Jibu limo katika historia ya pamba yenyewe.

Katika miaka ya 1980 vyama vikuu vya ushirika, vikiwamo Nyanza cha Mwanza na SHIRECU cha Shinyanga, vilinunua pamba kwa mikopo ya Benki ya Taifa ya Biashara. Gharama za vyama, za usafiri na za bodi za mazao zilipita mapato, hivyo madeni hayakulipika. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa iliyotumika wakati ule ilikuwa mkopo mpya juu ya ule wa zamani, na nyuma ya Benki ya Taifa ya Biashara ilisimama Benki Kuu. Mashirika mengi ya umma yalikwenda mwendo huo huo, na Serikali nayo ilikopa Benki Kuu ili kuziba pengo la bajeti. Fedha zikaongezeka ilhali bidhaa madukani haziongezeki. Ukijumlisha na gharama za vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta na ukame, utaelewa kwa nini bei zilikuwa zikipanda kwa takriban asilimia 30 kwa mwaka.

Asilimia 30 kwa mwaka maana yake ni kwamba bei huongezeka mara mbili katika muda usiofika miaka mitatu. Mkulima wa Maswa aliyeuza pamba Julai, akaficha fedha nyumbani akisubiri kununua mabati, alikuta bei ya bati imekwisha kumwacha. Mwenye nacho alikimbilia kununua mali au dola. Mlalahoi alibaki na noti zake za madafu. Si ajabu kwamba Msukuma aliona heri aweke akiba yake zizini kuliko benki, maana ng'ombe alizaa na noti ilisinyaa. Kwa hiyo mfumuko wa bei ni kodi ambayo Bunge halikuipitisha, na wanaoilipa zaidi ni wale wasio na mahali pa kuikwepea.

Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 1995 ndiyo iliyoweka utulivu wa bei kuwa jukumu lake la kwanza. Serikali ya Awamu ya Tatu nayo ikajifunga mkanda, ikawa inatumia kadiri ilivyokusanya. Kufikia mwaka 1999 mfumuko ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10. Kazi hiyo ilikuwa njema, lakini haikuwa bure. Katika miaka hiyo ya 1990 makumi ya maelfu ya watumishi wa Serikali walipunguzwa kazini, Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa mwaka 1997, na vyama vya ushirika vyenye madeni vikakosa wa kuvikopesha. Soko la pamba lilikuwa limekwisha kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi tangu msimu wa 1994/95.

Hata wakubwa wa dunia wameionja shubiri hiyo. Nchini Marekani, Paul Volcker alipokabidhiwa Benki Kuu ya nchi hiyo mwaka 1979, mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 11. Aliibana fedha mpaka riba ambayo mabenki hutozana yenyewe kwa yenyewe ikakaribia asilimia 20. Bei zilitulia, lakini uchumi ulidorora, na kufikia mwishoni mwa mwaka 1982 zaidi ya watu 10 katika kila 100 wa nguvu kazi ya Marekani hawakuwa na kazi. Ugumu wa sera ya fedha uko hapo: ukilegeza mno, bei hupaa, ukikaza mno, viwanda husimama na watu hukosa kazi.

Mdororo nao unaweza kutujia kutoka mbali. Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ya New York ilianguka, mikopo ikakauka duniani kote, na viwanda vya nguo vikapunguza manunuzi. Bei ya pamba ikaanguka, na wanunuzi wetu waliokuwa wamenunua kwa bei ya juu wakashindwa kuyalipa mabenki. Juni 2009 Rais Kikwete alitangaza mjini Dodoma mpango wa Sh trilioni 1.7 wa kuunusuru uchumi, ambao ndani yake ulikuwamo msaada kwa wanunuzi wa mazao waliopata hasara, pamba ikiwamo. Riba peke yake isingetosha, kwa kuwa benki inayomdai mtu deni la mwaka jana haimkopeshi mwaka huu hata riba ikiwa ndogo.

Aidha, si kila mfumuko wa bei hutokana na wingi wa fedha. Desemba 2011 mfumuko ulifikia asilimia 19.8. Nchi ilikuwa na upungufu wa chakula na mgawo wa umeme, mafuta yalikuwa ghali, na shilingi ilikuwa imeshuka. Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 12. Kufikia Desemba 2013 mfumuko ulikuwa asilimia 5.6. Lakini tuseme ukweli, riba haioteshi mahindi. Sehemu ya nafuu ile ilikuja chakula kilipoingia sokoni. Kazi ya Benki Kuu ilikuwa kuizuia shilingi isiendelee kuporomoka, na kuuzuia moto ulioanzia kwenye debe la mahindi usisambae hadi kwenye nauli, kodi ya nyumba na kila kitu kingine.

Halafu ukaja wakati ambao mitaani watu walisema vyuma vimekaza. Machi 2017 Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 16 hadi 12, na Agosti mwaka huo huo ikaishusha tena hadi 9. Hata hivyo mikopo kwa sekta binafsi ilizidi kusinyaa, na riba kwa wateja haikushuka kwa kasi hiyo. Mabenki yalikuwa na mikopo chechefu iliyozidi asilimia 10 ya mikopo yote, nayo yakaogopa. Kwa mantiki hiyo, Benki Kuu inaweza kuyapa mabenki fedha nafuu, lakini haiwezi kuyalazimisha yamwamini mtu wa Lagangabilili.

Hali hiyo haijaondoka. Mwaka 2025, riba ya Benki Kuu ilipokuwa asilimia 5.75, mkopo wa kawaida wa benki uliendelea kutozwa wastani wa kama asilimia 15 kwa mwaka. Na huo ni kwa mwenye hati na mdhamini. Asiye navyo huangukia kwa wakopeshaji wa mitaani ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la kausha damu.

Kwa maoni yangu, mkulima wa Simiyu anahitaji vitu viwili kwa pamoja. Anahitaji shilingi isiyoyeyuka kati ya Julai anapouza na Novemba anapopanda, na hapo Benki Kuu inastahili pongezi. Lakini anahitaji pia unafuu wa riba umfikie. Julai 2021 Benki Kuu ilitenga Sh trilioni 1 za kuyakopesha mabenki kwa riba ya asilimia 3, kwa sharti kwamba nayo yaikopeshe sekta binafsi kwa riba isiyozidi asilimia 10. Mpango wa namna hiyo una maana ikiwa mwanachama wa chama cha msingi anaujua, na ikiwa chama chake kina vitabu vya hesabu ambavyo meneja wa benki akivifungua havifungi haraka.

Kwa hiyo nawashauri viongozi wa vyama vya msingi wasisubiri mizani ifunguliwe Mei. Waende benki Januari au Februari, waulize mnunuzi wa kata yao anakopeshwa kwa asilimia ngapi, waulize chama chenyewe kinaweza kukopa kwa asilimia ngapi, kisha warudi kuwasomea wanachama majibu hayo katika mkutano. Hadi juma lijalo, nawatakia palizi njema.