Mwalimu Shihabuddin na Daftari la Kimvita

Mtoto wa Mombasa aliyesoma zamani alikuwa na lugha mbili kinywani, zote zikiitwa Kiswahili. Nyumbani nyanyake humwita, "Ndoo hapa!" Akitumwa dukani hupita ndiani, na vumbi likimwingia hufikicha mato. Akiyaandika maneno hayo daftarini, basi kalamu nyekundu haimkosi: andika njoo, andika njia, andika macho. Kiswahili sanifu, kilichoundiwa kamati yake mwaka 1930, kilijengwa juu ya Kiunguja. Kimvita, lugha aliyotungia Muyaka bin Haji, kikageuka kosa la imla.

Katika mji huo ndimo alimozaliwa marehemu Shihabuddin Chiraghdin, mwaka 1934, na kazi aliyoichagua ni ualimu. Msomaji kijana huenda asijue maana ya kusomesha Kiswahili siku zile. Hakikuwa somo la lazima katika mitihani ya Kenya mpaka ulipokuja mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Mwanafunzi aliyetaka kazi ya ofisini alikazana na Kiingereza, na mwalimu wa Kiswahili alionekana kama mtu wa kupitisha wakati tu.

Yeye hakupitisha wakati. Mwaka 1971 ilitoka diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, Malenga wa Mvita, na aliyeihariri ni Mwalimu Shihabuddin. Mashairi yale hayakusafishwa yakafanywa ya Kiunguja. Yalichapishwa kwa Kimvita chake. Sasa ndia na mato yamo kitabuni, kwa wino mweusi, na hapana wa kuyapigia mstari. Nami naona hilo ni somo kubwa la uandishi kuliko insha mia, maana mtoto hawezi kuandika vyema kwa lugha aliyoambiwa aione haya.

Uhariri, jamani, ni kazi isiyo na shukrani. Ni kama fundi wa kanzu: siku ya Idi husifiwa aliyeivaa.

Wala msidhani alikuwa adui wa sanifu. Kitabu chake kijulikanacho zaidi, Historia ya Kiswahili, alichoshirikiana na Mathias Mnyampala wa Tanganyika, kinasomwa bila taabu na mtu wa bara na wa pwani. Humo anawajibu waliodai kwamba Kiswahili ni mchanganyiko tu usio na wenyewe. Lugha hii, asema, ni ya Kiafrika, na Waswahili ni watu waliokuwapo kabla ya hao wanaowauliza wametoka wapi. Kwetu sisi wa pwani swali hilo halikuwa la vitabuni peke yake. Tumeulizwa mara nyingi tukiwa kwenye foleni.

Hakukiona kitabu hicho. Mnyampala alifariki 1969, Shihabuddin akamfuata 1976 akiwa na miaka arobaini na kitu tu, na Historia ya Kiswahili ikatoka 1977. Allah awarehemu wote wawili.

Aliacha pia mkusanyo wa washairi na habari za maisha yao, Malenga wa Karne Moja, uliochapishwa 1987, miaka 11 baada ya kuzikwa kwake. Nakala yangu nimeiazima watu mara mbili, na mara zote mbili nimekwenda kuidai mwenyewe mlangoni.