Jina Moja, Filme Tatu



Tukitaja filme «La vie est belle», mara moja mabishano: huyu anasema ni ya Papa Wemba, yule anasema hapana, ni ya vita. Wote wako na haki. Kwa Kifaransa filme za jina hilo ziko tatu, hata zaidi.

Ya 1946 ni ya Frank Capra, wa Marekani: usiku wa kuamkia Noeli, malaika anazuia mtu asijiue. Ya 1987 ni ya kwetu. Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, aliitengeneza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Humo Papa Wemba ni kijana wa kijijini anayekuja Kinshasa kutafuta muziki, lakini kwanza anakuwa boyi. Ya 1997 ni ya Roberto Benigni, wa Italia: baba anamficha mtoto wake ukatili wa kambi ya Wanazi.

Zile mbili za wageni zilipata jina hilo kwa kutafsiriwa. Katika hizo tatu, ni ya kwetu tu iliyozaliwa nalo. Lakini ukiiomba kwa jina peke yake, watakuletea ingine. Basi tutaje jina, mwaka na mtengenezaji, ili ya kwetu isifunikwe.