Unafuga Sungura Mtaani? Jua la Januari Linaweza Kukumaliza, na Utajua Machi

Kuna wasee wengi Eastlando wanafuga sungura na hata majirani hawajui. Jogoo akiwika saa kumi alfajiri, plot nzima inaamka. Mbuzi akilia, caretaker anapanda ngazi kuuliza maswali. Sungura? Kimya. Hataki shamba, anakula majani ya sukuma yenye mama mboga alikuwa anatupa, na jike akishika mimba leo, baada ya siku kama 31 uko na watoto sita, saba ama nane. Ndio maana kila Januari, mfuko ukiwa umekauka na fees inadaiwa, lazima usikie mtu kwa base akisema anataka kuanza sungura.

Shida ni moja. Januari hadi Machi ndio miezi ya joto Nairobi, kabla mvua ndefu ishuke. Na hakuna kitu inamtesa sungura kama joto. Mbaya zaidi, hasara yenyewe huioni siku hiyo. Inajificha, halafu inakuja kubisha mlango miezi mbili baadaye, ushasahau jua liliwaka namna gani. Wacha tuelezane vile inaenda.

Amevaa koti na hawezi kuivua

Wewe ukisikia joto unatoka jasho, unapoa. Sungura hana hiyo bahati. Joto yake inatokea kwa masikio na kwa pumzi. Hayo masikio marefu si ya urembo: yamejaa mishipa ya damu, na damu ikipita hapo inapoa kidogo kabla irudi mwilini. Lakini hewa ya nje ikiwa moto kama mwili wake, hata masikio hayasaidii.

Labda umeona video za alpaca, wale wanyama wa manyoya wa Peru na Bolivia wenye shingo ndefu. Wafugaji wao huwanyoa mara moja kwa mwaka kabla joto ishike, ndio wasife. Sungura wa nyama hanyolewi. Sasa kama huwezi kumvua koti, kazi yako inabaki kupoza nyumba yake.

Shika hizi namba. Sungura anakaa vizuri kwa digrii 15 hadi 20 hivi. Ikifika 30, ameanza kuteseka. Ikipita 35 na hakuna hewa, unaweza kumpoteza mchana mmoja tu. Utasema, "Lakini Nairobi haifiki 35." Sawa, lakini ile digrii 28 unayoskia kwa habari ya hali ya anga inapimwa kivulini, mahali hewa inapita. Chini ya bati tupu, kwa gorofa ya mwisho Umoja ama Pipeline, saa nane mchana, hiyo ni dunia ingine. Nunua kipimajoto, kining'inize usawa wa vizimba, usome mwenyewe saa nane. Hiyo ndiyo namba yako, si ya redio.

Dume ndiye anaumia kimyakimya

Hapa ndipo wengi wanachomeka. Joto ikizidi kwa siku kadhaa, mbegu za dume zinaharibika. Yeye mwenyewe anaonekana fiti. Anakula, anaruka, ukimletea jike anapanda kama kawaida. Lakini mbegu hazina nguvu. Na kwa sababu mwili wake unachukua kama wiki sita ama saba kutengeneza mbegu mpya, hata jua likipoa, anaweza kukaa wiki sita hadi nane kabla arudi sawa.

Sasa fuata hesabu. Joto inampiga dume mwisho wa Januari. Februari unapandisha jike watatu. Machi hakuna anayezaa. Kila jike angekupa watoto sita, hao ni sungura 18 hawajazaliwa. Na kwa sababu sungura wa nyama anachukua miezi minne ama mitano kufika kilo za kuuza, pengo lenyewe utaliskia kwa mfuko Julai na Agosti. Zidisha 18 kwa bei ya mtaa wako uone ni doo ngapi.

Halafu kuna mtego ndani ya mtego. Jike wa sungura hatoi mayai mpaka apandwe. Akipandwa na dume mwenye mbegu mbovu, mayai yanatoka lakini hayatungwi, na mwili wake unaamini ako na mimba. Siku ya 16 hadi 18 anaanza kung'oa manyoya ya kifua na kutengeneza kiota. Wewe unafurahi, unaambia watu watoto wako njiani. Hakuna kitu. Jike mwenye mimba ya ukweli hung'oa manyoya akikaribia kuzaa, karibu siku ya 28 kwenda juu. Ukiona kiota wiki ya tatu, shtuka.

Ndio maana kila Machi utapata mtu akiuza jike "tasa" kwa bei ya kutupa, ama akiwachinja, na dume ambaye ndiye shida amebaki kwa kizimba akila peleti. Kabla uuze mtu, pima hivi: jike wote wakikosa mimba kwa dume mmoja, angalia dume. Jike mmoja akikosa kwa madume wawili tofauti na wenzake wameshika, basi ni yeye. Bila daftari ya tarehe huwezi kujua hii, kwa hivyo andika: nani alipandwa na nani, siku gani, na joto ya saa nane siku hiyo. Karibu siku ya 12, mtu mwenye uzoefu anaweza kukupapasia tumbo la jike polepole akwambie kama kuna kitu. Usijaribu kama hujaonyeshwa, utaua mimba.

Siku ya kazi wakati wa joto

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla bati ishike moto, ndio wakati wa kazi nzito. Toa kinyesi, osha vyombo vya maji, jaza mapya. Kama unapandisha, fanya saa hii ama jioni, na umpeleke jike kwa kizimba cha dume. Ukimleta dume kwa jike, atapigwa.

Saa sita hadi tisa ni za kuchunga tu. Sungura sawa analala ametulia. Sungura mwenye joto imemzidi amejinyoosha kama kitambaa, anapumua haraka, masikio yana moto ukishika, mdomo una mate, na chakula hagusi. Mtoe mpeleke kivulini penye hewa, mpanguse masikio na maji ya baridi ya kawaida, na umwekee maji ya kunywa. Usimzamishe kwa maji ya barafu, mshtuko unaweza kumuua. Kama uko na friji ama duka jirani inakusaidia, gandisha maji kwa chupa ya soda ya lita mbili, funga na kitambaa, laza ndani ya kizimba. Atakuja kuilalia mwenyewe.

Jioni saa kumi na mbili ndio mpe chakula kingi. Sungura ni mtu wa usiku. Wakati wa joto mchana hataki kula, kwa hivyo ukimjazia saa saba unapoteza tu.

Na ukinunua ama kuuza, usibebe sungura kwa katoni ndani ya mat saa saba mchana na jam ya Jogoo Road. Enda asubuhi mapema ama usiku.

Maji: hapa hakuna njia ya mkato

Jike anayenyonyesha anaweza kumaliza lita moja kwa siku wakati wa joto, hata zaidi. Tuseme uko na jike watatu, dume mmoja na watoto 18 walioachishwa. Hiyo ni karibu lita saba za kunywa tu. Ongeza za kuosha, unaona mtungi mmoja wa lita 20 umeisha kila siku.

Sasa wewe unajua Eastlands na mgao wa maji. Kampuni ya maji ya Nairobi hutoa ratiba ya mgao, angalia siku za mtaa wako na uhesabu siku ndefu zaidi yenye mfereji hukauka. Kama ni tatu, weka lita 60 za sungura peke yao, mbali na zile za keja. Sungura akikosa maji, anaacha kula. Jike akiacha kula, maziwa yanakata. Watoto hawamalizi siku mbili. Kama unanunua maji ya mkokoteni, weka hiyo bei kwa hesabu ya biashara toka mwanzo. Wengi hawaweki, halafu wanashangaa faida ilienda wapi.

Nyumba na chakula

Kizimba cha jike mmoja, futi 3 kwa 2, kinatosha, kiwe juu ya ardhi na sakafu ya waya ndio mkojo na kinyesi vianguke. Bati si mbaya, bati tupu ndio mbaya. Weka silingi ya katoni ama mbao chini yake na uache nafasi ya hewa katikati, ama tandaza nyasi na magunia juu. Rangi nyeupe juu ya bati pia inasaidia kurudisha jua. Upande wa upepo, ning'iniza gunia lenye maji maji mchana. Kwa zile court za Dandora na nyumba za zamani za Jericho na Maringo kuna ua na ukuta wa kivuli, tumia hiyo. Paa la gorofa lenye halina kivuli, sahau.

Chakula cha bei poa kiko. Mwisho wa siku Mutindwa ama Marikiti kuna majani ya kabeji, sukuma na karoti yanatupwa. Osha, kausha kivulini yanyauke kidogo kabla umpe, kwa sababu majani mabichi mengi yanaharisha. Msingi wa chakula uwe nyasi kavu na peleti kidogo, mboga ni nyongeza. Usimpe majani ya viazi, ya nyanya wala ya avocado, hayo ni sumu kwake. Mkate wenye ukungu pia hapana. Akiharisha ama kufura tumbo, ona daktari wa mifugo, usikisie dawa kwa agrovet.

Majirani, kanjo na soko

Nairobi iko na sheria yake ya kukuza na kusimamia ukulima wa mjini, ya 2015. Kwa hivyo kufuga mjini kunatambulika. Lakini hakuna sheria inakuruhusu kunukia plot nzima. Sungura hana kelele, ila mkojo wake ukikaa siku mbili kwa joto, unawasha macho na unamletea yeye mwenyewe ugonjwa wa mapafu. Weka bati ya kuteremsha mkojo chini ya vizimba uingie kwa jerikeni. Kuna wakulima wa mboga wanautaka kama mbolea. Na kabla uingize sungura hata mmoja, ongea na landlord na caretaker. Mtu amepewa kasungura ka Krismasi hawezi kukuitia kanjo.

Kuhusu soko, usikimbilie idadi. Kama ulikuwa mdogo 2013 na 2014, uliza wakubwa wako stori ya kware. Watu walikopa, wakachukua leseni ya KWS kwa sababu kware ni ndege wa porini, wakajaza vizimba. Waliotengeneza pesa ni wale walikuwa wanauzia wengine vifaranga na mayai ya kuanzia. Kila mtu alipokuwa na kware, hakukuwa na wa kununua. Kwa hivyo mtu akikuuzia sungura wa mbegu kwa bei ya juu na kukuahidi atanunua watoto wote, muulize anawauzia nani. Asipokujibu, rudi na pesa yako.

Anza na dume mmoja na jike wawili ama watatu. Tafuta wanunuzi kwanza, iwe ni choma base, hoteli ndogo ama majirani, na ujue nyama ya kuuza inafaa kupitia kwa mkaguzi wa nyama. Kama unaanza leo na jua ni kali, hakuna haraka ya kupandisha. Tengeneza nyumba, pima joto wiki mbili, ukiona saa nane inapita 30, rekebisha paa kabla ununue mnyama. Na kama tayari unafuga, angalia daftari yako usiku huu: dume wako alikuwa wapi zile siku za joto kali, na jike gani walipandwa baada ya hapo? Ukijibu hayo mawili, hutauza jike mzuri kwa makosa ya jua.