Fleti mpya ughaibuni: Jihadhari na gesi isiyo na harufu

Kila Septemba familia nyingi husindikiza vijana wao wanaokwenda kusoma Uingereza. Begi hujazwa masweta, viungo vya pilau na dawa za maumivu. Kinachosahaulika ni hatari inayoweza kuwamo ndani ya fleti yenyewe: gesi ya kaboni monoksaidi.

Hapa nyumbani tunaijua kupitia jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi. Kule huweza kutoka kwenye boila inayopasha joto maji na nyumba, au kwenye jiko la gesi, iwapo kifaa ni kibovu au bomba la kutolea moshi limeziba. Madirisha yakifungwa kwa sababu ya baridi, gesi hukosa pa kutokea.

Gesi hii haina rangi, harufu wala ladha. Ukiivuta, hung'ang'ania hemoglobini, ambayo ndiyo inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 hivi. Moyo na ubongo hukosa oksijeni ilhali mtu anaendelea kupumua.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Mgeni hudhani ni mafua au uchovu wa safari. Lakini ukiumwa hivyo bila homa, ukapata nafuu kila unapotoka nje, au mkaumwa wote mnaoishi pamoja, shuku gesi. Usitegemee kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kwani kinaweza kuonyesha kwamba uko salama.

Ufanyeje? Fungua madirisha, zima vifaa vya gesi, tokeni nje wote, wala msirudi kulala humo. Uingereza piga 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi, bila malipo, saa 24. Kama kuna aliyezimia, piga 999. Hospitalini taja wazi kwamba unashuku gesi, ili upimwe damu na kupewa oksijeni mapema.

Kinga huanza siku ya kukabidhiwa funguo. Mwombe mwenye nyumba cheti cha ukaguzi wa gesi, unaopaswa kufanywa kila mwaka na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe. Katika England, tangu Oktoba 1, 2022, sheria inamtaka pia aweke king'ora cha gesi hii katika chumba chenye boila ya gesi. Kibonyeze, usikie kinalia.

Kisha bisha hodi kwa jirani, mjuane. Gesi huweza kupenya ukutani au sakafuni kutoka fleti moja hadi nyingine, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nawe mzazi, mwanao akipiga simu wiki ya kwanza, usimuulize amekula nini tu. Muulize: "King'ora umekijaribu?"