Bumu: Fedha ya Chakula ya Mtoto Aliye Chuo Kikuu

Siku moja, baada ya somo la hesabu, mama mmoja wa darasa letu la kisomo alibaki nyuma. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi serikali inamlipa mwanangu mshahara huko chuoni? Nasikia kapewa laki sita." Alikuwa na furaha. Alikuwa amekwisha kuhesabu bati za kuezekea jiko.

Ndugu msomaji, swali hili si la mama huyo peke yake. Wazazi wengi vijijini wanaliuliza.

Fedha hiyo wanafunzi huiita bumu. Ni fedha ya chakula na malazi. Hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Zamani mambo yalikuwa mengine. Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, wanafunzi wa kwanza walikuwa 14 tu. Miaka ile baada ya Uhuru serikali ilibeba mzigo wote: ada, kitanda na chakula. Wanafunzi walipozidi kuwa wengi, mzigo ukawa mzito. Katika miaka ya 1990 wazazi wakaanza kuambiwa wachangie. Leo bumu ni mkopo. Siyo mshahara, wala siyo zawadi.

Sasa tupige hesabu, maana kisomo ni pamoja na hesabu. Kiwango kilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 60 ni shilingi 600,000. Hiyo ndiyo laki sita ya yule mama. Ukiisikia kwa mara moja ni fedha nyingi kweli. Lakini igawe. Kila siku mtoto ana shilingi 10,000 za chai, chakula cha mchana, chakula cha usiku, nauli, sabuni na mahali pa kulala. Akikosa kitanda chuoni, atapanga chumba mtaani, na wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Hapo laki sita inakatika kabla hajala hata wali maharage. Na fedha yenyewe inaweza kuchelewa. Kwa hiyo mtoto anayekwenda chuo mara ya kwanza asiondoke nyumbani mikono mitupu. Mpeni chochote cha kumshikilia wiki za mwanzo.

Kuna jambo jingine, nalo nalisema bila kuficha. Wapo wazazi wanaopiga simu: tuma hela ya mbolea, tuma hela ya sare ya mdogo wako. Sisemi mtoto asisaidie kwao. Nasema ajue mzazi kwamba hela hiyo imetoka kwenye sahani ya mtoto, tena ni deni. Akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa shilingi 120,000. Zamani wadaiwa waliongezewa pia asilimia 6 kila mwaka kwa ajili ya kulinda thamani ya fedha. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Deni lenyewe halikufutwa.

Je, kila mwanafunzi hupata? Hapana. Bodi huangalia uwezo wa nyumbani. Yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya maskini hutazamwa kwanza, lakini kwa karatasi, siyo kwa maneno. Hapa ndipo watu wa vijijini tunapoumia. Mtoto anaandika kwamba baba yake alifariki, na kijiji kizima kilimzika, lakini cheti cha kifo hakuna. Bila cheti kilichohakikiwa na RITA, kwenye fomu baba huyo ni kama yu hai na ana uwezo. Kwa hiyo kifo kikitokea, kiandikishwe mapema. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto nacho kitafutwe mapema, asisubiri mpaka amalize kidato cha sita. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF itunze namba yake, maana fomu inaitaka. Fomu hujazwa kwa kompyuta, kisha huchapwa na kusainiwa. Serikali ya kijiji inasaini, na mdhamini anasaini. Mdhamini huyo mara nyingi ni wewe mzazi. Usitie sahihi jambo usilolisoma. Kama maandishi ni madogo, mwambie mtoto akusomee polepole.

Yule mama alinyamaza kidogo, akasema, "Basi bati zisubiri." Kisha akakumbuka kwamba ana binti kidato cha tano, na mumewe alifariki miaka minne iliyopita. Cheti hakuwa nacho. Kesho yake asubuhi nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mtendaji, daftari lake la kisomo mkononi, ameandika jina la marehemu na tarehe aliyozikwa.