Maktaba ya Umma katika Huduma ya Mchungaji: Kuigundua Upya Hazina Tuliyoisahau

Utangulizi

Katika mwaka wa 18 wa kutawala kwake mfalme Yosia, mafundi walipokuwa wakitengeneza nyumba ya Bwana, kuhani mkuu Hilkia alikiona kitabu cha torati humo humo hekaluni (2 Wafalme 22). Kitabu hicho hakikuwa kimetekwa na adui wala kupelekwa nchi ya mbali. Kilikuwa mahali pake, ila watu walikuwa wameacha kukitafuta. Shafani mwandishi alikisoma, kisha akakisoma mbele ya mfalme, na matengenezo ya taifa zima yakaanzia hapo.

Kusahau kilicho karibu si kosa la Yuda peke yake. Wachungaji wengi wa siku zetu hulalamika kwamba hawana vitabu, na kilio hicho ni cha kweli. Lakini ukimwuliza mlalamikaji ni lini alipoingia katika maktaba ya umma kwa mara ya mwisho, mara nyingi atajibu kwamba ni zamani, akiwa mwanafunzi, au kwamba hajapata kuingia kamwe. Makala hii yakusudia kueleza maktaba ya umma ni chombo gani, ilifikaje kwetu, hutumiwaje, na inahusiana vipi na huduma ya Neno, hasa kwa mhudumu aliye mbali na miji.

1. Hali ya mhudumu wa pembezoni

Tuchukue mfano wa Mabamba, kata ya Wilaya ya Kibondo iliyo karibu na mpaka wa Burundi. Wenyeji wengi ni Waha, wakulima wa mihogo, maharage, mahindi na ndizi, na warina asali. Lugha yao yakaribiana sana na Kirundi, na biashara huwaunganisha na jirani zao wa ng'ambo ya mpaka. Machafuko ya Burundi ya mwaka 1972, ya 1993 na ya 2015 yalileta wakimbizi wengi Kibondo na Kasulu. Kanisa la Kilutheri nalo limehudumu huko kwa njia ya shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya wakimbizi.

Mchungaji anayepangwa mahali kama hapo hufika na sanduku moja la vitabu alivyovipata chuoni. Mwaka wa kwanza humtosha. Mwaka wa pili hurudia. Mwaka wa tatu vitabu kadhaa vimeazimwa visirudi, vingine vimeliwa na mchwa, na Jumapili 52 za kila mwaka zinaendelea kudai mahubiri. Washarika hawamwambii neno, kwa kuwa wanamheshimu. Lakini wanajua kabla hajafungua kinywa atasema nini. Tena wanamletea maswali ambayo sanduku lile halikuyatarajia: habari za ardhi, mirathi, ugonjwa wa migomba, madhehebu mapya, na tuhuma za uchawi. Mchungaji asiyesoma hujibu kwa kukisia, na kisio la mchungaji lina uzito mkubwa mno kijijini kuliko alivyodhani alipolitamka.

2. Maktaba ya umma ilivyofika kwetu

Huduma ya maktaba za umma nchini ina umri karibu sawa na uhuru wenyewe. Sheria ya mwaka 1963 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Sheria nyingine ya mwaka 1975 iliifanya kuwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo ndiyo inayoendesha shughuli hii hata leo. Kutoka makao makuu huduma ilienezwa mikoani, na Kigoma nayo ikapata maktaba yake ya mkoa.

Yafaa tukumbuke kwa nini taifa maskini lilitumia fedha zake kwa jambo hili. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kufikia mwaka 1986 ilihesabiwa kwamba watu wazima tisa katika kila kumi wanajua kusoma. Lakini viongozi walitambua hatari moja: mtu aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma, baada ya miaka michache hurudi alikotoka. Kwa sababu hiyo zilianzishwa maktaba za vijiji. Nyingi hazikuwa majengo. Zilikuwa sanduku au kabati la vitabu katika shule ya msingi au ofisi ya kijiji, chini ya uangalizi wa mwalimu.

Dhiki ya uchumi ya miaka ya 1980 iliuvunja mpango huo. Karatasi ilikuwa haba, vitabu vipya havikuja, vya zamani vikachakaa. Kabati zikageuzwa kuwa za chaki na majembe. Hivyo kizazi kizima kilikua bila kujua kwamba kijiji chao kiliwahi kuhesabiwa kuwa chastahili maktaba. Tunaposema juu ya kugundua upya, basi, hatuzungumzii jambo geni lililoletwa juzi. Twazungumzia jambo ambalo wazazi wetu waliliona kwa macho yao.

3. Je, kuna msingi katika imani yetu?

Wapo wanaodhani kwamba mhudumu mwenye Biblia hahitaji kitabu kingine, na kwamba vitabu vya serikali ni vya kidunia. Mtume Paulo hakuona hivyo. Akiwa kifungoni, na siku zake zikiwa zimekaribia mwisho, alimwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4:13). Mtu aliyekwisha kunyakuliwa hata mbingu ya tatu bado alitaka kusoma.

Martin Luther naye, mwaka 1524, aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani kuwahimiza wafungue shule. Mwishoni mwa waraka huo aliwasihi wasione uchungu wa gharama wala wa kazi katika kuanzisha maktaba njema, hasa katika miji mikubwa. Wala hakutaka kila kitabu kikusanywe ovyo. Alitaja kwanza Maandiko Matakatifu katika lugha zake na fasiri zilizo bora. Kisha vitabu vya kujifunzia lugha, hata vya washairi wasio Wakristo. Kisha vya elimu mbalimbali, vya sheria na vya uganga. Na mwishowe akasisitiza vitabu vya historia, kwa kuwa ndani yake mtu huona matendo ya Mungu katika mataifa. Angalia kwamba barua hiyo iliandikwa kwa madiwani. Luther aliiona maktaba kuwa wajibu wa mji kwa faida ya wote, nalo kanisa likiwa mshauri na mtumiaji wake.

4. Jinsi ya kuitumia

Mgeni katika maktaba huona haya kwanza. Huona rafu nyingi, watu wamenyamaza, naye hajui aanzie wapi. Aibu hiyo huondoka kwa kufahamu mambo manne.

Kwanza, uanachama. Kwa kawaida mtu hujaza fomu, hudhaminiwa na mtu anayefahamika, hulipa ada iliyowekwa, kisha huruhusiwa kuazima vitabu kwa muda maalumu. Asiyetaka kuazima aweza kusomea humo humo.

Pili, mpango wa vitabu. Maktaba nyingi za umma hufuata mpango wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876, unaogawa maarifa yote katika mafungu kumi kwa tarakimu. Dini ziko katika 200: Biblia ni 220, theolojia ya Kikristo 230, na Uislamu 297. Lakini mchungaji asiishie hapo. Sheria iko 340, tiba 610, kilimo na ufugaji 630, ambamo ufugaji wa nyuki ni 638. Fasihi iko 800, na historia 900. Ukijua tarakimu hizi waweza kuingia katika maktaba iwayo yote yenye mpango huo ukajiona u nyumbani.

Tatu, katalogi. Iwe ni ya kadi katika visanduku au ya kompyuta, hiyo ndiyo orodha ya vyote vilivyomo, kwa mwandishi, kwa jina la kitabu na kwa somo. Asiyeiangalia hutembea kati ya rafu kama mtu atafutaye mbuzi usiku.

Nne, mkutubi. Huyu si mlinzi wa mlango. Ni mtu aliyefunzwa kazi hiyo, pengine katika chuo cha ukutubi kilichoko Bagamoyo. Mweleze swali lako lote, wala usimtajie jina la kitabu tu. Asipokuwa na unachokitaka, aweza kukueleza kilipo.

5. Mfano: swali la kamchape

Ili tusiseme kwa jumla tu, tufuate swali moja. Katika miaka ya 2020 zimesikika habari za waganga waitwao kamchape au rambaramba, waingiao katika vijiji mbalimbali vya Mkoa wa Kigoma wakidai kufichua wachawi. Wazee hutajwa kwa majina, nyumba hupekuliwa, ugomvi huzuka. Washarika humjia mchungaji wakamwuliza: tuwachangie fedha au tusiwachangie? Akikaa kimya, kimya chake huhesabiwa kuwa kibali. Na mwenye kuumia pengine ni bibi kizee anayeketi benchi la mbele kila Jumapili.

Aingie maktaba na swali hilo. Katika rafu za sheria ataomba Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928. Humo ataona kinachohesabiwa kuwa kosa, na mamlaka aliyo nayo mkuu wa wilaya juu ya mtu anayetuhumiwa, hata kumwagiza akae mahali fulani. Asome mwenyewe, asitegemee uvumi wa kilabuni.

Katika rafu za mila na historia, au kwa msaada wa mkutubi kutoka maktaba ya chuo kikuu, atakuta kwamba jina hili si jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watu walioitwa wamchape walizunguka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo sasa ni Malawi na Zambia, wakiwanywesha watu dawa ya kuumaliza uchawi. Mtaalamu Audrey Richards aliandika habari zao mwaka 1935. Mwaka 1968 Roy Willis alichapisha utafiti wake juu ya kamchape wa Ufipa. Msomaji wa habari hizo hutambua jambo moja zito: kila mara vijiji viliahidiwa kwamba uchawi utakoma, na kila mara hofu ilirudi, kwa sababu magonjwa na vifo havikukoma. Ahadi imetolewa kwa miaka zaidi ya 90, wala haijatimizwa.

Hatimaye atarudi 220 na 230, asome tena Injili juu ya hofu na juu ya Kristo aliyezivua enzi na mamlaka (Wakolosai 2:15). Sasa mahubiri yake yatakuwa na mifupa na nyama. Hatawadharau washarika kwa hofu yao, maana ameona mizizi yake. Wala hatawaacha mikononi mwa wapita njia, maana amejua historia yao. Biblia ilikuwa mkononi mwake tangu awali. Maktaba ilimsaidia kuelewa swali, na asiyeelewa swali hutoa jibu zuri mahali pasipohusika.

6. Tatizo la umbali, na kabati la usharika

Msomaji wa Kibondo atauliza kwa haki: haya yote yanifaa nini, nami niko zaidi ya kilometa 200 kutoka mjini Kigoma? Hatuna budi kukiri kwamba nauli ni ghali na siku ni chache. Hata hivyo yako mambo yanayowezekana.

Mchungaji huenda mjini kwa vikao, matibabu au shughuli za benki. Na aende na maswali matatu yaliyoandikwa katika daftari, atenge nusu siku, na arudi na nukuu. Wachungaji na makatekista wa eneo moja waweza kupeana zamu, mmoja akasoma kwa niaba ya wote na kuwasimulia wenzake. Siku hizi hata swali laweza kutangulia kwa simu kabla ya safari.

Aidha, usharika waweza kufufua kile kilichokuwa kijijini zamani: kabati moja. Liwe na miguu iliyosimamishwa ndani ya makopo yenye mafuta machafu ili mchwa wasipande. Liwe na daftari la kuazima lenye safu nne: jina la msomaji, jina la kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Liwe chini ya mtu mmoja mwaminifu, na mwalimu mstaafu afaa sana. Humo viwekwe Biblia na Katekisimu, lakini pia kitabu cha nyuki, cha mihogo, cha afya ya mama na mtoto, na hadithi za watoto. Liwe wazi kwa kila mwanakijiji, Mkristo na Mwislamu, mwenyeji na mgeni. Kabati la washarika peke yao litakuwa mali ya kanisa tu. Lililo wazi kwa wote litakuwa huduma.

Tena mchungaji ana sauti. Anapokaa katika kikao cha kata au kumpokea diwani, na aulize habari za maktaba ya wilaya kama aulizavyo habari za zahanati na maji. Luther aliwaandikia madiwani. Nasi tunao wetu.

Hitimisho

Yosia alipoyasikia maneno ya kitabu kile alirarua mavazi yake, kwa maana alitambua ni muda gani watu wake walikuwa wameishi bila hayo. Hatusemi kwamba kila kitabu cha maktaba ya umma ni torati. Twasema kwamba mchungaji aliyeacha kusoma huwanyima watu wake kitu ambacho hawajui kukidai. Wanafunzi wa theolojia wanaosoma makala hii bado wanayo maktaba ya chuo hatua chache kutoka bwenini. Na wajizoeze sasa kuuliza, kutafuta na kuandika, ili siku watakapopangwa Mabamba au mahali pengine kama hapo, wajue kwamba sanduku la vitabu walilobeba ni mwanzo tu wa kusoma kwao.